Kuonja si Kulewa: Tonto ya Vilima vya Bwera na Mkono Ulioitengeneza

Hapana kinywaji kisicho na kwao. Tembo la mnazi kwao ni pwani. Ulanzi kwao ni Iringa kwenye mianzi. Mvinyo wa zabibu kwao ni nchi zenye majira ya baridi na ya joto. Na pombe ya ndizi kwao ni nchi hizi za maziwa makuu, ambapo mgomba ni chakula, ni kivuli, ni kamba, na ni kinywaji. Katika wilaya ya Kasese, kuanzia mjini kwenyewe, kupita Kikorongo, mpaka Bwera karibu na mpaka wa Mpondwe, pombe hiyo huitwa tonto. Ukivuka mto Lhubiriha ukaingia Kasindi, kinywaji ni kile kile na lugha ni ile ile, maana Bakonzo wa huku na Banande wa huko ni ndugu. Ila jina hubadilika, kikaitwa kasiksi.

Wanywao tonto ni wengi, bali waionjao ni wachache. Kunywa ni kushusha kitu kooni. Kuonja ni kukiuliza kitu hicho kimetoka wapi, kimepita mikononi mwa nani, na kimetendewa nini njiani. Makala haya twawaandikia askari wa jeshi na wa polisi, kwa sababu kazi yao huwaweka karibu na kinywaji kwa njia mbili. Kwanza, wao ni watu kama watu wengine, hupumzika baada ya zamu. Pili, wao ndio watumwao kwenda kukagua mahali kinywaji kinapotengenezwa na kuuzwa. Kwa njia zote mbili yawapasa kujua ulimi unaweza kutambua nini, na, jambo lililo kubwa zaidi, ni kitu gani ulimi hauwezi kukitambua hata kidogo.

ZABIBU ZA USWISI NA MIGOMBA YA RWENZORI

Hebu tutazame kwanza mbali, tupate kukiona vema kilicho karibu. Uswisi ni nchi ya milima yenye theluji, kama Rwenzori yetu ambayo kilele chake cha Margherita hufikia mita 5,109. Huko mizabibu hupandwa kwenye miteremko iliyojengewa kuta za mawe ili udongo usiporomoke. Miteremko ya Lavaux, kando ya ziwa la Geneva, ilianza kulimwa na watawa karne nyingi zilizopita, na mwaka 2007 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, orodha ile ile iliyoipokea hifadhi ya milima ya Rwenzori mwaka 1994. Katika kijiji cha Visperterminen mizabibu hupanda mlimani hadi yapata mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, na shamba hilo huhesabiwa miongoni mwa mashamba ya juu kabisa ya Ulaya. Mkulima wa Kikonzo atatabasamu akisikia hivyo, maana kahawa yake ya arabika humea juu zaidi ya hapo. Lakini huko baridi ni kali, na kila shada la zabibu lililoiva ni ushindi.

Jambo la kuzingatia ni hili: mvinyo wa Uswisi, karibu wote, hunywewa na Waswisi wenyewe. Kivukacho mipaka hakifiki asilimia 2. Mashamba mengi ni madogo, ni ya baba, mama na watoto, na mnunuzi huja nyumbani kwa mkulima, akamiminiwa kidogo katika bilauri, akaonja, ndipo akanunua.

Kati ya familia hizo zimo zisizofuata desturi. Mzabibu una adui, nao ni kuvu ushambuliao majani wakati wa mvua. Tangu mwisho wa karne ya 19 dawa ya wakulima imekuwa maji yaliyochanganywa na chumvi ya shaba na chokaa. Watu wa Kasese wanaijua shaba, maana Kilembe ilichimbwa tangu 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Na wanajua vile vile kwamba shaba ikishaingia kwa wingi katika udongo haiondoki upesi. Familia hizo za Uswisi ziliamua kuacha kunyunyiza dawa hiyo. Ziling'oa mizabibu ya koo maarufu, zikapanda aina mpya zilizopatikana kwa kuchanganya mizabibu ya Ulaya na jamaa zake wa mwituni wasioshindwa na kuvu. Mojawapo huitwa Cabernet Jura.

Aina hizo hazikuwa na sifa sokoni. Mnunuzi aliyezoea majina ya zamani hakuwa na sababu ya kuyaamini majina mapya. Mkulima alibaki na njia moja tu: kumkaribisha mgeni ndani, kummiminia, na kumwambia, "Onja." Kilichouza mvinyo huo hakikuwa jina la zabibu wala karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Kilikuwa ulimi wa mgeni, pamoja na uso wa mwenye shamba aliyesimama mbele yake tayari kujibu kila swali.

Afrika ya Mashariki nayo ina zabibu zake. Dodoma nchini Tanzania, wamisionari Wakatoliki wa Bihawana walipanda mizabibu katika miaka ya 1950, na kwa kuwa hapo hakuna majira ya baridi ya kuulaza mti, mkulima huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Lakini zabibu si zao la Kasese. Hapa kwetu zao la kutengenezea kinywaji ni ndizi, na shamba dogo la familia ni kitalu cha migomba nyuma ya nyumba. Basi na turudi nyumbani.

SI KILA NDIZI HUTOA MAJI

Askari aliyezaliwa mbali na migomba hudhani kwamba ndizi ni ndizi. Sivyo. Ndizi ya matoke, hata ukiiponda kutwa, itakupa uji mzito tu, haitatoa maji. Ndizi za pombe zina koo zake. Ziko zile za asili ya nyanda zetu za juu ziitwazo mbidde, ambazo ni ndugu za matoke, ila ndani yake zina ukakasi unaofunga kinywa. Iko kayinja, mgomba mrefu wenye nguvu, usioogopa udongo dhaifu. Iko kisubi, yenye ndizi ndogo na tamu. Kila ukoo huleta ladha yake: mbidde huleta uchungu na ukakasi, kayinja huleta wingi wa maji, kisubi huleta utamu na harufu nzuri. Mtengenezaji hodari huzichanganya kwa kipimo chake mwenyewe, kama vile mtengeneza mvinyo anavyochanganya zabibu.

Na kama mzabibu ulivyo na adui yake, mgomba nao unao wake. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko uletwao na bakteria ulionekana katika migomba ya Uganda, wilayani Mukono, baada ya kuwa umejulikana nchini Ethiopia tangu miaka ya 1960. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukiikata unakuta ndani imeharibika rangi. Kayinja ndiyo iliyopata msiba mkubwa kuliko zote, maana wadudu wanaotafuta asali hulitembelea ua jekundu lililo mwishoni mwa mkungu wake, wakauacha ugonjwa hapo. Kwa hiyo ugonjwa huu ulilipiga hasa shamba la pombe.

Dawa ya kunyunyiza hakuna. Kilichopo ni nidhamu, jambo ambalo askari analielewa. Ua la mwisho wa mkungu huondolewa mapema, na huondolewa kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Panga lililogusa mgomba mmoja hupitishwa motoni au huoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kugusa mwingine. Shina lenye ugonjwa hukatwa chini mara lionekanapo. Familia iliyoshika kanuni hizi bado ina migomba. Iliyozidharau imebaki na uwanja mtupu. Basi ukiona kibuyu cha tonto njema leo, jua kwamba kabla ya kuwa kazi ya mpishi kilikuwa kazi ya mkulima asiyelala.

KAZI YA JUMA ZIMA

Tonto haitengenezwi kwa siku moja. Mikungu hukatwa ikiwa imekomaa lakini bado ni mibichi. Huwekwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba yaliyopashwa moto, ikafunikwa majani na udongo. Au hutundikwa juu ya meko, ikapata joto na moshi. Baada ya siku nne, tano au sita, kwa kadiri ya hali ya hewa, ndizi huwa zimeiva zote pamoja. Hapo ndipo huanza kazi ya kumenya, na baada yake kazi ya kukamua.

Ndizi zilizomenywa hutiwa katika hori la mti lililochongwa mfano wa mtumbwi, zikachanganywa na nyasi ndefu zenye makali, kisha zikapondwa kwa mikono au kwa miguu iliyooshwa. Nyasi huchanachana nyama ya ndizi, na kwa ghafla, kama mtu aliyefungua bomba, maji hutoka. Maji hayo huchujwa kwa nyasi safi. Hiyo ndiyo sharubati ya ndizi, ambayo hata mtoto na mama mja mzito hunywa.

Ili sharubati iwe pombe, hupunguzwa makali ya utamu wake kwa maji safi, kisha hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Mtama huleta rangi, huleta harufu kama ya mkate uliobanikwa, na huichochea chachu ianze kazi. Hori hufunikwa kwa majani ya mgomba na kuwekwa mahali penye joto. Kesho yake povu hupanda. Siku ya pili pombe iko tayari. Lakini haikai. Vijidudu vya uchachu huingia kazini kutoka hewani, na baada ya siku chache tonto hugeuka siki. Kwa sababu hiyo haikuweza kamwe kusafiri kwenda mbali. Kama mvinyo wa Waswisi, hunywewa kwao; tofauti ni kwamba wao huamua, na sisi hulazimishwa.

VIKOMBE VITATU

Tulipata bahati ya kukaribishwa katika nyumba ya wakulima kwenye vilima vya juu ya Bwera. Jina lao hatulitaji, kwa kuwa walitupokea kama wageni wa nyumbani wala si kama waandishi wa habari. Baba ndiye mwenye migomba. Mama ndiye mwenye hori. Vijana wao huchota maji na kukamua. Majirani huwaona kuwa watu wa ajabu kidogo, kwa sababu mbili. Hawauzi tonto ya siku ya kwanza hata mnunuzi akilia. Tena kila mara hutenga sehemu ya sharubati, wakaitia hamira, wakaifungia katika mtungi wa kioo wenye mrija ambao ncha yake imezamishwa majini, hewa ya ndani ipate kutoka na ya nje isipate kuingia. Mtungi huo hukaa miezi.

Kila mgeni alipewa kikombe chake. Zamani kibuyu kimoja na mrija mmoja vilizunguka wazee wote. Lakini Juni 2019, ugonjwa wa Ebola ulipovuka mpaka kutoka Kongo na kuthibitishwa hapa hapa Bwera, mama wa nyumba hii alikata shauri kwamba undugu hauna haja ya kupitia katika mate.

Kikombe cha kwanza kilikuwa sharubati, iliyokamuliwa asubuhi ile. Rangi yake ilikuwa ya dhahabu nzito yenye ukungu. Ilijaa kinywa kizima kwa utamu, na nyuma ya utamu ule kulikuwa na moshi mwembamba wa meko. Mzee alituuliza, "Wanangu, mmeonja nini?" Tulipomjibu kuwa tumeonja moshi, alifurahi, akasema, "Basi mwafahamu ndizi zililala wapi."

Kikombe cha pili kilikuwa tonto ya siku ya pili. Hapa utamu ulikuwa umepungua, na mahali pake palikuwa na uchachu mwepesi unaoamsha ulimi, kama wa maziwa yaliyoganda. Mtama ulijitokeza kwa harufu yake ya kubanikwa. Mwisho kabisa, kinywaji kilipokwisha kupita, ulibaki ukakasi wa mbidde kwenye ufizi. Ukakasi huo si kasoro. Mama alitueleza kwamba tonto isiyokuwa nao husahauliwa mara inapomezwa. Vile vile alitufundisha dalili za tonto mbovu: uchachu unaochoma puani kama siki, utelezi kwenye ulimi, na harufu ya majani yaliyooza. Tonto iliyotiwa maji mengi baada ya kuiva hujulikana nayo, maana mwanzo wake ni mzuri lakini haina mwisho. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mama huyu, kwa kadiri tulivyoona, sifa hazijampotosha.

Kikombe cha tatu kilitoka katika mtungi wa kioo. Kilikuwa cheupe chenye manjano kidogo, kimetulia, mashapo yote yameachwa chini. Harufu yake haikuwa ya ndizi mbivu tena. Ilikuwa karibu na ya asali na ya maua makavu. Kilikuwa kikavu kinywani, bila utamu, na nguvu yake ilizidi ile ya tonto. Tulikunywa kidogo kidogo. Hatusemi kwamba ni sawa na mvinyo wa Lavaux, wala hakuna haja ya kusema hivyo. Ni kitu cha mahali pake. Kasoro yake ni kwamba mwisho wake ni mfupi, na mzee alikiri kuwa mtungi wa mwaka uliotangulia ulikuwa bora, kwa sababu kisubi ilikuwa nyingi shambani. Maneno hayo yalitupendeza kuliko sifa yoyote. Mtu anayeweza kukuambia kwa nini kinywaji cha mwaka huu kimepungua ni mtu anayejua alichokutilia kikombeni.

PALE ULIMI UNAPOSHINDWA

Hadi hapa tumesifu ulimi. Sasa ni wajibu wetu kueleza mpaka wake, na tunaomba askari wasome sehemu hii kwa makini kuliko zote.

Tonto ikichukuliwa na kuchemshwa, na mvuke wake ukapozwa kwa maji baridi ukawa matone, hupatikana kinywaji kikali kiitwacho waragi, au enguli. Historia yake imechanganyika na historia ya uaskari. Wako wasemao kwamba jina waragi limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita. Wako wengine walihusishao na neno la Kiarabu araki. Lililo hakika ni kwamba mwaka 1891 Kapteni Lugard alifika Katwe kwenye ziwa la chumvi, akajenga ngome aliyoiita Fort George, kisha akaendelea hadi Kavalli kuwachukua askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha. Askari hao na jamaa zao ndio mwanzo wa Wanubi wa Uganda, na kwa muda mrefu Wanubi walijulikana kwa ufundi wa kukeneka.

Mwaka 1965 ilitungwa sheria ya kutengeneza enguli na kuitolea leseni. Iliamuru kwamba asiwepo wa kukeneka bila ruhusa, na kwamba kilichokenekwa vijijini kiuzwe kwa kiwanda, kikasafishwe na kutiwa katika chupa. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa chupa ya Uganda Waragi. Lakini mitambo ya vichakani haikwisha, na kila askari aliyewahi kufanya doria analijua hilo.

Hatari yake ni hii. Katika kuchachuka kwa matunda hutokea pia kiasi kidogo cha spiriti nyingine iitwayo methanoli. Katika tonto ni kidogo mno, haidhuru. Katika kukeneka, methanoli hupenda kutangulia, kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 65 hivi, hali spiriti ya kunywa huchemka kwenye nyuzi 78. Mkenekaji mwangalifu huyamwaga matone ya kwanza; mwenye tamaa huyauza. Na ubaya kupita huo hufanywa na mchuuzi anayechukua methanoli ya viwandani, ile itumikayo kuyeyushia rangi, akaichanganya ndani ya waragi ili iongezeke na iwe kali. Aprili 2010, waragi ya namna hiyo iliua watu wapatao 80 katika wilaya ya Kabale na sehemu nyingine za kusini-magharibi, na kuwaacha wengine vipofu.

Watu hao hawakuwa wajinga, na ndimi zao hazikuwa mbovu. Methanoli haina rangi, na kwa harufu na ladha mnywaji hawezi kuitenga na spiriti ya kawaida. Hata yule mama wa Bwera, anayetambua kwa ncha ya ulimi siku ambayo tonto ilifunikwa, hawezi kuitambua. Kiasi cha vijiko viwili vya chai chaweza kumpofusha mtu mzima, na kikizidi kidogo chaweza kumwua. Tena sumu hii haifanyi haraka. Mtu hulewa kama kawaida, hulala, na baada ya nusu siku au siku nzima ndipo huumwa kichwa na tumbo, hutapika, huhema kwa nguvu, na macho yake huona ukungu mweupe. Mwenzako akipatwa na dalili hizo, usimwambie kuwa ni uchovu wa pombe wala usimwache alale. Mpeleke hospitali saa ile ile, na mwambie daktari alikunywa nini na wapi, kwa sababu dawa zipo, ila zina wakati wake.

Basi, ikiwa ulimi umeshindwa, kinga ni nini? Kinga ni kuujua mkono uliotengeneza. Hapa ndipo lile shamba dogo la Uswisi na hori la Bwera huwa na somo moja. Mwenye shamba anayekumiminia mbele ya nyumba yake, ambaye kesho na kesho kutwa atakuwa pale pale, ameweka rehani jina lake na la watoto wake katika kila kikombe. Jerikeni lililofika usiku kwa pikipiki, lisilojulikana lilikotoka, halina jina la mtu wa kuulizwa. Mwaka 2019 serikali ilipopiga marufuku vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali, iliondoa njia moja ya kuuza bei rahisi kwa kila mtu, hata kwa mtoto wa shule. Jerikeni lisilo na mwenyewe bado limebaki.

WAJIBU WA ASKARI

Kutokana na hayo, twapendekeza mambo machache kwa wale wanaovaa sare.

La kwanza, jifunzeni kupambanua. Hori la ndizi na mtama chini ya majani ya mgomba ni jambo moja. Pipa juu ya moto lenye bomba lipitalo katika maji baridi ni jambo jingine. Sheria imevitenga vitu hivi, na askari asivichanganye. Anayemwaga tonto ya mama mjane akidhani amekamata waragi hajalinda maisha ya mtu yeyote. Ameharibu ada ya shule ya mtoto, na amemfundisha mama yule kumficha askari habari siku ambayo jerikeni lenye sumu litapita kijijini. Habari hiyo haipatikani ila kwa raia anayewaamini walinzi wake.

La pili, kilichokamatwa ni ushahidi, si kinywaji. Mahali pengi maaskari wamezoea kufanyia mzaha jambo hili, lakini baada ya yale ya 2010 mzaha umekwisha. Mtu anayeonja waragi iliyokamatwa ili ajue kama ni nzuri anajaribu sumu kwa macho yake mwenyewe. Ifungwe, iandikwe, ipelekwe kwa mkemia.

La tatu, zamu na kikombe havikai pamoja. Sheria ya jeshi na kanuni za polisi huhesabu ulevi kazini kuwa kosa, na haikuwa bure. Yule mzee wa Bwera, ambaye maisha yake yote ni tonto, hanywi anapokwenda kukata migomba yenye ugonjwa, kwa sababu siku hiyo panga lake lina kazi ya kulinda shamba zima. Ikiwa mkulima huliheshimu panga hivyo, mwenye bunduki atasemaje?

La nne, ukiwa mapumzikoni, na nafsi yako ikataka kuburudika, nenda mahali unapomjua mwenye nyumba. Uliza ndizi zilikuwa za ukoo gani, zilifukiwa au zilitundikwa, hori lilifunikwa siku gani. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mwenye kutengeneza vema hatakasirika. Atafurahi kama yule mkulima wa Uswisi afurahivyo mgeni anapouliza habari za mizabibu yake isiyojulikana. Mwenye kukasirika kwa maswali hayo amekwisha kukujibu, na fedha zako zirudishe mfukoni.

Vilima vya Bukonzo vimelisha watu kwa ndizi, kahawa na mihogo katika miaka ya amani na ya vita. Mnyauko umeipunguza kayinja, vijana wengi hupenda chupa kuliko kibuyu, na kila mwaka mahori huwa machache kuliko ya mwaka uliopita. Ikiwa tonto ya nyumbani itakufa, kiu haitakufa pamoja nayo. Watu watanywa kile kitakachobaki, na kitakachobaki ni jerikeni la usiku. Kwa hiyo askari anayejua kuonja, anayemheshimu mwenye hori na kumfuatia mwenye jerikeni, analinda zaidi ya desturi ya Bakonzo. Analinda macho na uhai wa raia, pamoja na wake mwenyewe.